Kikombe Kimoja na Baba Mkwe

Jumapili jioni, Juni 1953

Nimekunywa. Limekwisha kufanyika, siwezi kulitapika.

Miaka minne hii niliyoolewa, nikisikia tu baba mkwe anakohoa njiani, naingia kwenye migomba na kujifunika kanga hadi apite. Ndiyo heshima yetu Wanyakyusa: baba mkwe hatazamwi, na alichokigusa hukigusi, usije ukamdhuru mtoto aliye tumboni. Leo amebatizwa, na mchungaji akatupigisha magoti bega kwa bega kwenye meza ya Bwana.

Nilimwomba mchungaji angalau ninywe kabla yake. Akakataa. "Dada, huyu sasa ni ndugu yako. Kikombe ni kimoja. Wewe tii."

Ni rahisi kwake kusema. Yeye hana tumbo la miezi saba.

Baba mkwe akanywa. Nami nikafumba macho, nikaweka midomo palepale, pangali na unyevu wake. Nilikwisha kumwahidi Mungu, ningefanyaje?

Nje, mama mkwe, ambaye kanisani haingii, alikuwa akitungoja. Hakunisalimu. Alilitazama tumbo langu, akasema, "Umeyataka mwenyewe, mwanangu. Mimi simo."

Siamini mambo hayo. Naandika neno hilo hapa ili nilione: siamini.

Lakini mtoto huyu hucheza kila nikimaliza kula, mpaka kanga inatikisika. Mchana nilikula. Jioni nimekula tena, nikalala ubavu, nikamwita.

Ee Bwana, nimetii. Mwambie acheze.