Mama na Kidole Chake

Ibti, uko wapi wewe? Nacheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Si unajua Mama anatafuta kitambaa cha harusi ya dada Hanan? Hapa kisiwani Chovai hakuna, nikamfungulia kwenye simu duka moja la Kismayo. Kimebaki kipande kimoja cha hariri ya zambarau, na Hanan anakililia hicho hicho.

Mama kuiona picha tu, akalamba kidole. Ibti, akalamba kidole! Akaisugua simu vile anavyosugua nguo dukani, aone kama inachuja rangi. Kumbe kidole kimempigia mwenye duka. Mama hana habari, ametugeukia sisi na lahaja yake ya kisiwani:

"Mchu hununua nguo kwa macho? Mwizi huyu! Hariri gani yang'aa kama gamba la samaki?"

Simu ikajibu: "Mwizi nakusikia, mama."

Wallahi, mwizi akajibu! Hanan akajifunika leso usoni, akajua kitambaa ndio kimekwenda.

Lakini yule kijana mwenye duka hakukasirika. Akakichukua kitambaa, akakifikicha karibu na simu. "Haya mama, sikiza."

Mama akatega sikio. Kikalia kwaru, kwaru, kama mtu anayekanyaga mchanga mkavu. Uso ukamlainika.

"Hiyo ni hariri. Nifungie, mwanangu."

Hanan akapiga kigelegele. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akaisogeza simu mdomoni:

"Ngoja kwanza. Hebu kinuse, uniambie kama kimelala ghalani."

Na Ibti, akakinusa!