Kwa Mwalimu Mudathiri Huseni, Aliyeziba Dirisha

Mwaka umetimia, Mudathiri, tangu Mwenyezi Mungu alipokuchukua ukiwa njiani kupelekwa hospitali, na nyumba yetu ya Kibiti ingali inaishi kwa utaratibu uliouweka wewe.

Ulikuwa mwalimu wa fizikia aliyeweza kurudia maelezo hata mara ya tatu bila kukunja uso. Chai yako uliipika mwenyewe, na kila kikombe ukakirudisha mahali pake.

Ulipoanza utafiti wa shahada ya pili hukupata maabara huku kwetu. Ukakigeuza chumba chako na mkeo Safina kuwa maabara: meza, lenzi, kamera na taa moja. Kwa mwanga uliopitishwa kwenye lenzi, ulikuwa ukisafisha picha za angani zenye ukungu, za mdomo wa Rufiji, ili kingo za mikoko zionekane.

Mdogo wako Khalidi alikutania, "Kaka, wenzako wanatumia leza, wewe globu kama ya chooni?"

"Hiyo hiyo ya chooni," ulimjibu. "Mwanga wa leza unakwenda kwa mpangilio mmoja, basi hata chembe ya vumbi kwenye lenzi inachora pete zake kwenye picha. Mwanga wa globu haukupangwa. Makosa ya vumbi yanachanganyika, yanafifia."

"Basi umeshamaliza kazi, ukalale."

"Bado. Globu nayo inatandaza weupe juu ya picha yote, na alama hafifu inazama katika chengachenga za weupe huo."

Kwa sababu hiyo hukutaka hata uzi mmoja wa mwanga wa nje uingie. Uliliziba dirisha kwa mbao na kitambaa cheusi, ukatuomba tusiisogeze meza hata kwa upana wa ukucha mpaka vipimo vikamilike. Tulikutii.

Safina alikaa eda humo humo. Eda ikaisha, naye akabaki, kwa kuwa mwenzako wa chuo, Sufiani, aliahidi kuja kuvikamilisha vipimo. Analala na binti yenu Amal pembeni ya meza, katika joto na harufu ya unyevu, na mtoto anakohoa. Mama alipomsihi afungue walau ubao mmoja, alijibu kwa adabu, "Mama, alisema mpaka vipimo vikamilike." Sote tulikusikia ukisema.

Mwezi uliopita Sufiani alipiga simu. Chuo kimeufunga utafiti ule, hatakuja tena. Safina alisema, "Ahsante, shemeji," akarudi kufuta vumbi mezani, akipita kati ya lenzi bila kuzigusa.

Hakuna miongoni mwetu mwenye sauti yako ya kumwambia kuwa kazi imekwisha.

Ijumaa, baada ya hitima hapa nyumbani, Khalidi ataleta nyundo ang'oe mbao za dirisha. Tumemweleza Safina mapema na kwa heshima. Hakukubali, wala hakukataa. Amefunga nguo zake na za Amal, akaomba apelekwe kwa wazazi wake Nyamwage siku moja kabla.

Unakumbukwa na mama yako Bi Tatu, mkeo Safina, binti yako Amal, mdogo wako Khalidi, wanafunzi wako, na mimi dada yako Maryam niliyeandika kwa niaba ya wote. Allah akurehemu na akujaalie makazi mema. Maisha yetu yote tutakukumbuka.