Mbega Wote Wako Hotelini

Alhamisi, Kakamega

Eti kasi ndiyo kazi! Shikuku, kiongozi wetu wa kuhesabu mbega msituni, leo amezunguka na kifaa cha GPS kama mwizi wa kuku. Tukiona kundi juu ya miti, anatupia skrini jicho moja, anabonyeza kuhifadhi, kisha: "Imeingia! Twende!"

Nilimwambia angoje kidogo, kifaa kikamate setilaiti, maana pale majani yamefunga mbingu.

"Dada, wewe unaogopanga mashine. Mimi hii kitu nasomanga mbio."

Haya. Jioni tumefungua ramani kwenye kompyuta. Msitu mtupu! Mbega wote wa leo, na watoto wao kifuani, wamerundikana kwenye hoteli ya Iguhu tulikokunywa chai asubuhi. Hapo ndipo mahali pa mwisho kifaa kilipokamata setilaiti, na kila alipobonyeza kikahifadhi pale pale. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nikakumbuka ramani hiyo inaenda wapi. Walinzi hupelekwa palipo na wanyama. Ule upande tuliotembea leo ukionekana hauna kitu, wenye misumeno wata... Sitaki hata kuwaza.

Nikamwomba Shikuku kesho turudie njia yote. Aliikodolea macho ile ramani kwa utulivu ambao msituni sikuuona hata mara moja, akakuna kidevu.

"Ya nini kurudia, dada? Wewe andika tu kwamba mbega wa siku hizi wamezoea watu."