Programu Yako Ilikataa Nyumba Mupya

Bunia, Ngezi, Jumamosi, siku ya posho, asubui

Kwako kaka yangu, yaya Donatien,

Nakusalimia sana, weye na wote unaokaa nao kule Kisangani. Malaria ilikuacha? Na ule mugongo uliokuwa unakusumbua kwa kukaa mbele ya mashini? Siye huku tungali wazima. Mama amefurahia kitenge, lakini anakuomba usikate chakula yako kwa kununulia watu vitenge. Mudogo wetu Blanchard ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki tena kucheka. Barua hii utaipata mikononi mwa shangazi, tantine Alphonsine, anayekuja huko. Kwa simu nisingeweza kusema haya. Unanijua, kwa simu ninajibu ndiyo na hapana tu.

Nimeianza mara tatu. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda mulangoni, narudi. Kuko kuku amefungwa chini ya meza na ananigonga vidole vya miguu. Nitakuambia alitoka wapi, lakini acha nifuate njia.

Mwezi uliopita ordinateur, ile kompyuta ya kanisa, iliungua. Umeme ulirudi kwa nguvu, tukasikia harufu, basi. Mashini ile ndiyo ilibeba programu yako, ile uliyotengeneza kabla ya kwenda masomoni, ya kuandika wakimbizi wa Djugu ili waliopotezana waonane. Papa Osée, mukubwa wa komite ya kupokea wakimbizi, alipata mashini ingine, muzee kabisa, yenye nguvu kidogo. Aliyeitoa alikuwa ameiwekea Linux nyepesi, ule mfumo wa kuendesha mashini, ili iweze kutembea. Disque inayochunga faili za ile iliyoungua ilikuwa nzima. Papa Osée akanikabizi vyote mbele ya watu, akasema mimi ni dada ya Donatien, kazi hii iko mu damu. Yaya, nilitamani udongo upasuke.

Nikakopia programu, nikaiita. Mashini ikajibu kwamba faili hiyo haiko. Na mimi naiona! Jina lake liko pale, uzito wake uko pale. Nikakopia tena, na tena. Claude mwimbaji wa chorale, aliyekuja kuchaji simu, akasema mashini hii iko na pepo, tuite wamama wa maombi na chupa ya mafuta. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kwenye banc ya kungojea siku ile alikuwako Mama Godelive. Walipokimbia Djugu, mutoto wake Néhémie, wa miaka tisa, alipotea katikati ya watu. Mama huyo anakaa kwenye site, kambi ya wakimbizi, na kila siku alikuwa anakuja kuuliza kama mashini mupya imefika, kitambaa cha kichwa kikiwa safi kama anaenda misa. Ile siku akaambiwa kwamba jina la mutoto haliko. Hakulia. Alishukuru, akaenda. Jumatatu hii nikasikia kwamba Ijumaa atapanda gari na dada yake wavuke kwenda Uganda, kwa sababu hapa hakuna tena kitu cha kungojea.

Tangu pale nikashinda juu ya kazi hiyo tu. Orodha ile ya majina haisomwi na kitu kingine, ni programu yako peke yake inaijua. Nikapata ukurasa moja ya Kifaransa, nikaisoma kwa simu ya tantine mpaka macho yakauma. Kumbe haikuwa pepo. Weye ulituachia chakula kilichokwisha kuiva, na namna ya kupika ukaenda nayo Kisangani. Programu ikishaiva hivyo, inabeba ndani jina la yule anayepaswa kuifungulia mulango, na inategemea maktaba ya lugha C ya mashini ilikozaliwa, ile inayoitwa glibc, kwa kazi zote ndogo ndogo za kila siku: kusoma faili, kuomba nafasi, kuandika herufi. Linux hii nyepesi haina glibc. Iko na maktaba ingine, musl. Kazi karibu ni zile zile, lakini mufunguaji wa mulango ni mwingine na ana jina lingine. Kwa hiyo aliyekosekana ni mufunguaji. Faili ilikuwako wakati wote.

Basi nikafanya ujanja. Nikamupa mufunguaji wa musl jina la yule wa glibc, kama mutu anayeazima koti ya chifu ili apite barrière ya askari. Programu ikafunguka! Nikaona lile dirisha lako la kijani, nikapiga kelele. Nikaandika jina, ikaanguka. Nikarudilia, ikaanguka. Koti tu haitoshi, wakikuuliza habari za nyumbani kwa chifu utajibu nini?

Alhamisi nikaacha kuidanganya. Nikaifanyia kama tunavyofanyia wageni waliofika na mizigo yao: unawapa chumba, wapike kwa vyungu vyao. Kutoka disque ya zamani nikaleta glibc nzima pamoja na mufunguaji wake, nikaweka vyote mu folda moja, nikafungia programu humo isione vya nje. Musl ikabaki nje na kazi zake. Ijumaa, jua likiwa linatoka, nikaandika Néhémie, nikafunga macho. Haikuanguka.

Alikuwako, yaya. Aliandikwa siku mbili kabla ya mashini kuungua. Néhémie, miaka tisa, mama yake Godelive, kovu kwenye goti la kushoto, anakaa kwa muzee Lucien, avenue ya pili nyuma ya kanisa.

Nikakimbia bila viatu mpaka parking ya magari. Gari lilikuwa linaunguruma, mizigo imefungwa juu. Mimi, ambaye mwalimu wa Kifaransa alichoka kuniomba nisome kwa sauti, niliita jina lake mbele ya parking nzima. Chauffeur wa gari akaniuliza kama nimekuja kuhubiri ao kuuza mayai. Mama Godelive akashuka. Nilipotaja kovu, akakaa chini mu vumbi, akauliza goti gani. Nikasema la kushoto. Akasimama, akaanza kufungua kamba ya mizigo kwa meno.

Sasa wananiita docteur wa mashini, hata Claude. Kesho Papa Osée anataka nisimame kanisani nishukuriwe. Na jana mangaribi Mama Godelive alileta huyu kuku, kitu pekee alichokuwa nacho chenye kutembea, akisema siku ile mashini ilikosea lakini mimi sikuchoka.

Hapo ndipo siwezi kutulia. Nimekuandikia kwamba aliambiwa jina haliko. Ni mimi niliyemwambia. Na mashini haikukosea, yaya, sikutafuta. Programu ilikuwa haijafunguka hata kidogo. Watu walikuwa wangali wanacheka juu ya pepo, yeye akainama mbele ya meza akataja mutoto wake, na mimi nikaona haya kusema sijui, mimi dada ya Donatien. Nikapigapiga vidole kwenye klavye, nikangoja kidogo kama mutu anayesoma, nikasema hayuko, mama. Siku kumi na moja alitembea na neno langu, na mutoto alikuwa avenue mbili tu.

Mama yetu ameuliza mara mbili maji ya kunyonyolea yachemke lini. Nimemujibu kuku si wetu. Nikimaliza kukunja karatasi hii nitamubeba mpaka kwa muzee Lucien, ambako Mama Godelive yuko na mutoto wake, nimwambie ukweli kabla ya kesho kanisani. Nimejizoeza kwa Kifaransa, maneno yanatoka mazuri kabisa, hata mimi mwenyewe ninaanza kujihurumia. Lakini yeye hajui Kifaransa. Itabidi niseme kwa Swahili.

Tantine akirudi, umupe maandishi ya programu yenyewe. Nataka niipike upya hapa, izoee musl. Na uniandikie hata kama umekasirika.

Baba na mama wanakusalimia, Blanchard anakukumbusha mpira yake. Mungu akulinde kwa masomo. Kuku ameacha kunigonga, ananiangalia tu. Acha niende.

Mudogo wako,
Faida