Mafundo Yako Yaliyolegea

Mama Mwende,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo yetu ya rangi, nimeigeuza ikawa kiti. Upepo wa Kitengela leo umeingiza vumbi hadi kwenye chumvi. Mwende ameenda mazoezi ya kwaya kanisani. Amevaa shati ulilomwachia, na ndiyo sababu sina amani.

Tangu tukupeleke Ukambani tukakuzika, plot yetu ya vyumba vya kupanga imebadilika. Jirani wa kona amenunua simu ya mkononi, na huongea akiwa amesimama langoni ili sote tumsikie. Mashati yetu ya kufunga mafundo na kutia rangi bado napeleka Kajiado siku ya soko, na akina mama wa Kimaasai bado wananiuliza kwa nini sikuongeza nyekundu. Mwende anaishi nami, analala na Njeri wangu. Amekupita urefu.

Unakumbuka shati la kwanza nililofunga? Ulilishika kwa vidole viwili, ukaniuliza, "Mama Njeri, hii umefunga ama umeisalimia tu?" Kisha ukanionyesha. Unafinya kitambaa, unakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, unavuta mpaka kucha ziwe nyeupe. Mpira ukibana vizuri, rangi haiingii pale chini yake, na ukifungua unapata mduara mweupe. Ulinifundisha kuchoma uzi wa shati la mtumba, kwamba ukiwa majivu ni pamba, ukiyeyuka kama plastiki nirudishe, halitashika rangi. Siku uliponiambia niloweke shati kwenye magadi ili lishike rangi, yale yale tunayotia kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi, nikauliza kama litaiva liwe laini kama maharagwe. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu ukaugua. Ulifunga mashati mawili ukiwa kitandani, nami nikataka kukusaidia, ukasema, "Wacha. Hizi ni za mtoto wangu." Ulituacha kabla hatujayatia rangi. Niliyaweka kwenye gunia juu ya kabati. Kila likizo Mwende alikuwa akiniuliza, nami namwambia angoje, kwa sababu nilijua tukishayafungua hatutakuwa tena na kitu ulichofunga wewe.

Mwezi uliopita nilikubali tufanye moja. Nikaliteremsha mapema, Mwende akiwa ameenda kuchota maji, nikaligusa. Mafundo yalikuwa yamelegea, Mama Mwende. Mpira ulikuwa unazunguka kwenye kitambaa kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Wewe, uliyekuwa ukifunga hadi tunatafuta wembe wa kufungulia.

Mikono yangu ikafanya ile kazi inayoijua. Nikakaza fundo la kwanza. Nikakaza la pili. Nilipokuja kushtuka, nilikuwa nimeyamaliza yote. Naweza kusema niliogopa rangi ingemharibia mtoto shati lake, na ni kweli niliogopa. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilikuonea aibu. Sikutaka mtu aone kwamba na wewe ulifika mahali pa kusalimia tu.

Tulilitia kwenye bluu, tukalisuuza, tukalifungua. Miduara ilitoka safi, myeupe, mizuri kuliko yote niliyowahi kuuza. Mwende aliipitishia kidole, mduara mmoja mmoja, akasema, "Anti, ona vile mum alikuwa na nguvu, hata akiwa mgonjwa." Nikamwambia, "Ndio." Sasa anasimulia kwaya nzima. Jumapili mama mmoja alinishika mkono akasema Mungu alikupa nguvu mpaka mwisho, nami nikaitikia amina.

Hukuwa na nguvu. Nilikuwepo, niliona vidole vyako vikitetemeka, niliona ukipumzika kati ya fundo na fundo. Na bado ulifunga, kwa sababu yake. Hilo ndilo ulilomwachia mtoto, nami nimelifuta kwa dakika chache nikidhani nakusitiri. Mpira ukishakazwa hakuna wa kuniambia ulikuwa umelegea wapi. Nisamehe, dada yangu. Nimelisema hili kwa maombi lakini naona haliendi popote mpaka nikuambie wewe.

Lile shati la pili sijaligusa. Leo asubuhi nimelitoa kwenye gunia nikalitia kwenye sanduku la Mwende, ili lisiwe tena mikononi mwangu. Akirudi nitampa chai, na kabla hajaimaliza nitamwambia miduara ile ni ya nani. Labda atanikasirikia. Ana haki.

Siku atakapotaka kulitia rangi, atalitia mwenyewe. Mimi nitakaa kando nimekunja mikono. Rangi ikipenya chini ya mpira, ipenye. Miduara ikitoka na ukungu, mingine isitoke kabisa, iwe hivyo. Nakuahidi sitasema neno mpaka aniulize ni kwa nini, na akiniuliza nitamwambia hapo ndipo mama yake alipomsalimia.

Pumzika, Mama Mwende. Nasikia lango, ndiye huyo amefika.

Mimi wako,
Mama Njeri