Maua ya Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechomeka safu nyingine ya maua nyuma ya jiko kabla ya kwenda kwenye cherehani. Vipande tu, bila mizizi. Ua hili halina makuu: majani manene yaliyojaa maji, maua ya pinki, linatambaa na kushika udongo. Dada alinipa mfuko mzima kutoka Bukavu. Mteremko lazima ufunikwe kabla ya mvua. Ile ya Aprili ilikula udongo hadi chini ya ukuta wa jiko. Chef wa mudugudu, mkuu wa kijiji chetu, alisema wazi: "Ukibomoka tena, batawahamisha." Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mamkwe amezunguka na fimbo yake, amekagua. "Hata mbuzi hapana kula hii." Ni kweli.

Jumapili, 17 Agosti
Ya chini yameshika. Ukivuta, hayatoki. Lakini safu ya juu, pale tambarare karibu na ukuta, majani yamekuwa ya njano, yanateleza mkononi. Kiangazi hiki chote, na yanaoza?

Jumatano, 20 Agosti
Nimeng'oa yaliyooza, nimepanda mengine. Namshuku jirani, anamwaga maji ya sabuni. Nimemnunia.

Jumamosi, 30 Agosti
Jirani nimemnunia bure. Leo nimetoka umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, nikapita nyuma ya jiko. Mamkwe na birika lake, anatia udhu juu ya safu ya juu. Kumbe kila swala. Maji ya udhu hataki yamwagwe pa kukanyagwa, siku zote aliyapeleka kwenye mpapai. Sasa ameyaleta kwa maua yangu, na dua juu yake, nyumba isianguke. Utamwambiaje mama mzima kwamba baraka yake inaozesha?

Jumatatu, 1 Septemba
Nimemwambia. Vibaya. "Maman, unatubomolea nyumba." Chakula hakugusa. Najichukia.

Alhamisi, 4 Septemba
Amerudi kwenye mpapai. Ananisalimia tu, basi. Jioni nimemkuta amepiga magoti pale ukutani, anachomeka vipande. Amevibananisha mno. Nimeviacha vilevile.

Jumatano, 10 Septemba
Chef amepita, ametazama, ameondoka. Mawingu yanajaa upande wa ziwa. Sipati usingizi.

Jumapili, 21 Septemba
Mvua kubwa ya kwanza, alasiri nzima. Tulikaa mlangoni mwa jiko, mimi na mamkwe. Maua yote yamejifunga. Mara mbili nilitaka kutoka nje kushika udongo kwa mikono, kama mwendawazimu. Maji yalishuka juu ya majani, udongo ukabaki. Safu aliyoibananisha mamkwe haikusogea hata kidogo. Ukuta umesimama.

Ndipo aliposema, bila kunitazama: "Na haya maji ya Mungu, nani atayakataza?"

Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alifungua kitenge chake, akanifunika upande mmoja, maana baridi ilikuwa imeingia.