Siku Niliyokupigisha Magoti Peke Yako

Mayu Kabula, mama mkwe wangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu nikianza na kingine utanikata jicho huko uliko. Kwako hata nyumba ikiwaka moto mtu alianza na salamu, akaulizwa ng'ombe, akaulizwa watoto, ndipo aseme kilichomleta. Haya basi. Ng'ombe wamebaki watatu, watoto hawajambo, na kilichonileta ni aibu. Naiandika barua hii wazi, asomaye asome, kwa maana nilipokukosea nilikukosea mbele za watu.

Nilipoolewa kwako nilikuwa binti wa mjini, sijui hata kuwasha kinyesi cha ng'ombe kikashika moto. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwanangu kaniletea mwalimu," ukasema, "sasa nani atapika?" Ukanifundisha. Ulivunja vile vikavu vipande vipande, ukapuliza, moshi ukatujaa, tukatoka nje machozi yanatutiririka kama waliofiwa. Mimi nilibaki nje. Wewe ulirudi ndani. Miaka yote ile, kuni zilivyozidi kupotea vichakani, wewe ndiye uliyeinamia lile jiko ili mimi niwahi kanisani. Macho yako yaliiva kwa kupika chakula changu, Mayu. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa kijijini, na ndilo linaloniuma kuliko yote.

Unakumbuka ndege zilivyokuwa zikishuka uwanjani Ibadakuli? Kuku wako wanatimka, wewe unainyooshea ile ndege kidole na kuitukana kwa Kisukuma mpaka ipotee, halafu unaniuliza kama rubani amesikia. Tangu Baba Kulwa atutoke tulibaki wajane wawili nyumba moja, na sikumbuki siku tuliyolala tumenuniana. Ulikuwa unanisagia karanga za kulia michembe, vile viazi vyako vikavu, unaniwekea kwenye kibakuli changu chenye ufa. Nilikuwa mtu mzima mwenye mapacha, lakini kwako nilikuwa mtoto wa kuwekewa.

Na kazi yangu uliijua. Kule kanisani walinipa kikundi cha upatanisho, kwa sababu nina mdomo na sina haya. Tulizunguka vijijini penye damu: waliokatana mapanga kwa mpaka wa shamba, familia zilizochomeana nyumba, wazee wa kike waliopigwa wakiitwa wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Wawili wanapiga magoti, wanatazamana, kila mtu anasema kosa lake kwa kinywa chake, kisha wanakula ugali sahani moja. Watu wakaniita Mama Upatanisho. Wewe ukanitania, "Mama Upatanisho, kuku wako wanapigana huko nje, nenda kawahubirie."

Kisha Ngassa akafa. Mtoto wa jirani yetu, yule aliyekuwa akija kuomba chumvi na kuondoka na sahani ya wali. Alikwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, mvua ikanyesha, duara, lile shimo la kuchimbia, likawafukia yeye na mwenzake. Ulipika msibani kwao siku zote za matanga. Ulikesha jikoni kwa Baba Ngassa ukipuliza moto wake kama ulivyopuliza wangu. Na moshi ule ule ndio uliokuponza, maana Baba Ngassa alipokwenda kwa mpiga ramli akarudi na maneno: aliyemuua ni jirani, mwanamke, mwenye macho mekundu. Watu wakaanza kukupita kisimani bila salamu. Lisemwalo lipo, wakasema.

Niliogopa, Mayu. Sikukuambia wakati ule, lakini usiku sikupata usingizi. Vijiji vya jirani tulikwisha kuzika bibi wawili kwa mapanga, na mimi ndiye niliyewafariji watoto wao. Basi nikakimbilia kwa mchungaji, tukakaa, tukapanga. Tukaona njia ya upesi ni hii: Jumapili uje mbele, uombewe maombi ya kufunguliwa, watu waone, Baba Ngassa aridhike, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikarudi nyumbani kwa haraka, nakukuta unamenya karanga.

"Nifunguliwe nini?" ukauliza. "Nimefungwa na nani?"

"Ni maombi tu, Mama. Watu watulie."

"Na Baba Ngassa naye atapiga magoti?"

"Ana msiba, Mama. Tukimwambia apige magoti hatakuja."

Ulimenya karanga kama tano hivi. Kisha ukasema, "Mimi sina kitu, Mama Kulwa. Unajua."

"Najua, Mama."

"Basi nitapiga magoti kwa ajili ya watoto wako, wasije wakachomewa nyumba kwa sababu yangu. Ila ukishaipata hiyo amani yako, uwaambie. Uwaambie Kabula hakuwa na kitu."

Nikakujibu, "Nitawaambia." Nilijibu upesi, kama mtu anayeagizwa sabuni dukani.

Jumapili ile ulivaa kitenge chako cha bluu. Magoti yako yalikuwa mabovu, nikakushika kiwiko kukushusha. Mimi, mwenye utaratibu wa wawili kutazamana, nilikushusha peke yako, ukatazama ukuta. Mchungaji akaomba, watu wakapaza sauti, wanawake wakapiga vigelegele. Baba Ngassa akaja akakupa mkono. Nami nikalia kwa furaha! Jamani, nililia kwa furaha, nikidhani nimekuokoa.

Kumbe nimekuuza. Maana wewe ulijua umeombewa, lakini wao waliona umekiri. Mtu asiye na kitu anafunguliwa nini? Hilo swali uliniuliza wewe mwenyewe, na mimi nikalipita kama mtu anayepita jalala. Kesho yake nilitakiwa nizunguke nyumba kwa nyumba niwaambie ulichoniagiza. Sikwenda. Nilijiambia tungoje kidogo, amani bado changa. Wiki ikapita. Halafu sifa zikaanza kuja. Nikaitwa Kahama kuwafundisha wenzangu, nikasimama mbele ya watu nikasimulia habari za bibi mmoja aliyekubali kufunguliwa na kijiji kikatulia. Wakanipigia makofi. Ningewaambiaje sasa kwamba bibi huyo hakuwa na kitu? Amani ile ilikuwa imekaa juu ya mgongo wako, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya hiyo amani, nakula sifa.

Haikuchukua muda. Kwenye msiba wa mzee wa jirani ulipokea sahani ukakaa mkekani, wanawake wakainuka mmoja mmoja wakahamia mkeka mwingine. Nilimsikia mmoja akisema, "Si alikiri mwenyewe kanisani?" Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika jagi la kunawisha watu mikono. Nikaendelea kunawisha.

Kisha ile karatasi, imebanwa kwenye mlango wa jiko. Hukujua kusoma, ukaniletea. Ni mimi niliyekusomea kwa sauti yangu: umeshakiri, ondoka kabla hatujaja. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Hukunilaumu. Uliuliza tu kama wameandika vizuri jina lako. Asubuhi Kulwa akakupakia kwenye pikipiki mpaka stendi, na kutoka hapo mkaenda naye Nyarugusu alikokuwa anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ulikwenda kuishi palepale alipofia Ngassa. Ulibeba sufuria moja na kile kibakuli changu chenye ufa.

Nilikuja kukuona mara moja tu, na hiyo mara moja nayo niliiharibu. Nilikukuta unapikia wachimbaji, vijana wamekuzunguka wanakuita Bibi, wanagombania ukoko wako. Nikawatazama, kila mmoja macho mekundu kwa vumbi la karasha. Ukaniona ninavyowatazama, ukacheka. "Huku, Mama Kulwa, wachawi ni wengi," ukasema. Sijawahi kucheka na kulia kwa pamoja kama siku ile. Nikakuamkia, ukaniitikia marahaba ile ile ya siku zote, ukaniwekea ugali na nsansa, zile mboga zako za majani makavu, ukanisogezea kibakuli.

Nilikuwa nimekuja kukuomba msamaha, Mayu. Safari nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Halafu nikakupa khanga na sukari, nikafungua Biblia, nikakuombea! Hee! Mimi nikakuombea wewe. Ulisema amina kwa adabu, ukangoja nifunge kitabu, ndipo ukauliza.

"Uliwaambia?"

"Bado, Mama. Nitawaambia."

Ukatikisa kichwa polepole, ukarudi kugeuza ugali wa vijana. Ulikuwa umechoka kuniuliza, nadhani. Masika yaliyofuata kifua kilikubana, na kabla Kulwa hajapata gari la kukurudisha, ukawa umekwenda. Wachimbaji ndio waliokuchimbia kaburi. Kulwa anasema walilichimba vizuri, kuta zimenyooka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi wanayoijua.

Msamaha niliufundisha kwa watu wengi, wewe sikukuomba hata kwa neno moja.

Sasa sikiliza kilichonifikisha hapa. Kulwa alirudi nyumbani kulima, akaoa binti mzuri, Pendo. Mwaka huu amejifungua mtoto wa kike. Na alizaliwa lini? Mvua imepasua wingu, bati linapigwa hatusikilizani, mkunga anapiga kelele tumletee maji ya moto. Mtoto wa kike aliyeletwa na mvua anaitwa Kabula, hilo hata kuku wanalijua. Tulikuwa watu wanne chumbani na jina lilikuwa mdomoni mwa kila mmoja. Hakuna aliyelitamka. Mwishowe Pendo akaanza kulia. "Mnisamehe," akasema, "msimwite hilo jina. Watamtenga kisimani mwanangu. Watasema kamrithi bibi yake."

Mtoto akakaa wiki tatu hana jina, tunamwita Mgeni. Nami nikawa nafua nepi, natandika, najishughulisha kama sijui kinachoendelea. Kulwa akanifuata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Unamjua mjukuu wako huyo, si msemaji. Akasema, "Mama, bibi ulimpigisha magoti wewe. Msimamishe wewe." Akaondoka.

Jumapili iliyopita nilinyoosha mkono wakati wa matangazo. Mchungaji akadhani nina tangazo la kikundi, akaniita mbele. Nikaenda palepale, mahali pako, nikapiga magoti, ila niliwageukia watu. Magoti yangu nayo ni mabovu siku hizi na hakuna aliyenishika kiwiko. Nikasema, "Mama mkwe wangu Kabula hakuwa na kitu. Hakukiri. Aliniambia hana kitu, nikajua hana kitu, nikampigisha magoti kwa kuwa niliogopa ninyi. Akaniagiza niwaambie. Nimekaa na agizo lake mpaka amekufa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko langu, na la Baba Ngassa siku za msiba. Mkosaji ni mimi."

Hakuna aliyepiga kigelegele, Mayu. Baba Ngassa akasimama. Amezeeka sana, anashika benchi kwanza ndipo asimame. "Kwa hiyo mwanangu aliuawa na nani?" akauliza.

"Udongo, Baba Ngassa. Mvua ilinyesha, duara likafukia."

"Nilikuwa na mtu wa kumchukia," akasema. "Sasa unaninyang'anya." Akachukua kofia yake akatoka. Sikumwona tena siku ile, na sijui kama atarudi kuketi karibu yangu. Sikumlaumu. Hata yeye nilimdanganya, nikampa mkono wako aushike badala ya kumsaidia alie vizuri.

Nisikudanganye na wewe: mambo hayakunyooka. Mchungaji alinivuta pembeni akasema ningemwona ofisini kwanza. Wengine wanasema nimefanya yote kwa ajili ya jina la mjukuu. Yupo hata anayesema uchawi wako umeniingia ndiyo maana nimeanza kupayuka. Kikundi nimekiacha, wenzangu wakae waamue kama mtu wa namna yangu anafaa. Na kila nilipowahi kusimulia habari ya "bibi mmoja" nitarudi, Kahama kwanza, niisimulie ilivyokuwa, nikitaja jina. Maji yaliyomwagika hayazoleki, najua. Najua pia kwamba kama ningesema wiki ile ya kwanza, leo ungekuwa hapa jikoni unaninyang'anya mwiko.

Ila jana jioni nilikuwa naosha sufuria. Pendo alikuwa uani anamwogesha mtoto, wanawake wanapita na ndoo kutoka kisimani, na mtoto akawa anateleza na kurusha maji. Nikasikia Pendo anapaza sauti, makusudi kabisa, wale wenye ndoo wasikie: "Kabula! We Kabula, tulia nikuoshe!"

Umeitwa, Mayu. Kwa sauti kubwa, uani kwako mwenyewe. Nami nikasimama na sufuria inachuruzika maji miguuni, kama mjinga, nikingoja uitike.

Wabeja, mama, asante. Lala.

Ni mimi mkamwana wako, uliyemwachia agizo,
Mama Kulwa, bibi yake Kabula